Nilimlipa fundi wa Grogan siku nzima kwenye mbio za dragi

Huduma ninayoitolea maoni haina ofisi wala kibao cha jina. Ni mzee mmoja, fundi wa magari ya kabureta (ya zamani, yanayochanganya petroli na hewa bila kompyuta), mwenye kibanda nyuma ya barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wakazi wa Nairobi bado tunapaita Grogan. Ukimlipa siku, anafunga kibanda, anabeba vyombo vyake na kushinda na gari lako kwenye mbio za dragi, zile za kasi fupi kwenye barabara iliyonyooka, tangu asubuhi hadi la mwisho likimbie. Anatoza shilingi 5,000 kwa siku, nauli juu yako. Nilimchukua Jumamosi iliyopita, na nimeona niandike mapema kabla sijasahau mpangilio wa mambo, maana mpangilio ndio uliolitibu gari.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS ya 1971, la marehemu baba yangu. Alilinunua likiwa limetumika, na sababu yake aliwasimulia wageni wote waliowahi kukaa sebuleni kwetu: Pasaka ya 1970, Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS kama hii. Injini ni L16, sentimita za ujazo 1,595, kabureta mbili za Hitachi. Halijabadilishwa kitu kikubwa. Silipeleki kwenye dragi ili niwashinde vijana wenye Subaru. Nalipeleka kwa sababu baba hakuwahi kulifungulia mbele yetu, na mimi nataka kulisikia.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Injini ikiwa haijapata joto sana, linavuta vizuri mita zote 402 (robo maili) za mbio. Likishasimama foleni nusu saa juani huku injini ikinguruma, basi ukifika mizunguko 4,500 kwa dakika katika gea ya pili linaanza kukohoa. Gea ya tatu ekzosi inapasua mlio kama fataki, nguvu inaisha, unamaliza ukiburutika. Ukilirudisha nyumbani jioni likiwa limepoa, halina neno.

Kabla ya huyu mzee nilishapita karakana moja ambayo sitaitaja. Walifungua kabureta zote mbili na kuweka gasketi mpya, 14,000. Kikohozi kilipobaki, walibadilisha pampu ya mafuta, 6,500. Kilipobaki tena, wakasafisha kabureta mara ya pili, 4,000. Jumla 24,500, na kila mara walilijaribu gari asubuhi, likiwa baridi, kwa kuzunguka mtaa mmoja. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Pesa ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kuona vitu vinang'olewa na kurudishwa bila mtu kupima chochote wakati mgonjwa anaumwa.

Siku ya mbio nilikuwa na kaka yangu. Nimezoea mafundi wakituona wawili wanafungua boneti na kuanza kumweleza yeye. Huyu mzee alitua mfuko wake, akauliza, "Anayeendesha ni nani?" Nikasema ni mimi. Tangu hapo maswali yote yalikuja kwangu. Nilipoanza kumwambia nadhani ni kabureta, alinyanyua mkono.

"Mwanangu, we niambie linafanyaje. Ni nini, tutakijua jioni."

Akauliza: linaanza polepole au ghafla? Gea zote au moja? Likikohoa, ukiachia mafuta kidogo linatulia? Mita ya mizunguko inafanya nini wakati huo? Hilo la mwisho sikuwa na jibu. Sikuwahi kuiangalia.

Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza, kwa sababu gari lilikuwa bado zima. Alichomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, inayozalisha umeme wa cheche, kwenda katikati ya distribyuta, inayougawia kila plagi, akaushika kwa koleo alilolifunga mpira wa tyubu, akasogeza ncha yake karibu na chuma cha injini, akamwambia kaka azungushe stata. Cheche ziliruka: samawati, nene, zenye sauti kavu, ta, ta, ta. Akaniita nizitazame vizuri. Kisha akatoa daftari la shule la kurasa 96 na penseli ya seremala, akaandika: "Baridi. Bluu, nene." Kazini kwetu tungesema amechukua kipimo cha msingi. Sijawahi kumwona fundi akipima gari zima ili ajue zima likoje.

Mbio ya kwanza, injini haijakolea joto, karatasi ya muda ilisema sekunde 19.3. Gari lenye nguvu ya farasi mia hivi likiwa pwani, huku kwetu halina zote. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na taabo (turbo) inapoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu yake. Kwa hiyo 19.3 niliifurahia.

Foleni ya pili ilichukua dakika 35. Mzee alinikataza kuzima injini na kufungua boneti. Alitaka gari liugue. Na likaugua: gea ya pili kikohozi, gea ya tatu fataki, 21.6.

Niliporudi walikuwa wamekusanyika watu sita, kila mmoja na tiba yake. Mmoja alisema chujio. Mwingine alisema kabureta, na nilihisi tumbo linakaza. Kijana wa Corolla alisema petroli inachemka kwenye bomba, na hakuwa amesema upuuzi. Huku juu vimiminika huchemka kwa joto la chini kuliko pwani, hata maji hufika kama nyuzi 94 tu, na pampu ya gari hili imefungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, mahali pa moto kweli. Mzee hakumbishia. Alichukua kipande cha blanketi kuukuu, akakilowesha maji baridi, akakifunika pampu na bomba la mafuta tulipokuwa kwenye foleni ya tatu, akaongeza maji kila baada ya dakika chache, akakiondoa gari moja tu lilipobaki mbele yetu. Pampu ilikuwa baridi hadi unaweza kuishika.

Kabla sijasogea kwenye mstari aliinama dirishani.

"Leo usiangalie mwisho wa barabara sana. Likianza kukohoa, chungulia sindano ya mita mara moja. Inaanguka pamoja na injini, au inacheza peke yake? Na ukivuka mstari, kanyaga klachi, zima, liache liserereke pembeni. Usiliwashe tena."

Taa zikashuka, kijani, nikaondoka. Gea ya pili, 4,500, kikohozi kilekile. Nikachungulia. Sindano ilikuwa inaruka. Gari linakwenda mbele bila kusita, magurudumu yanazunguka vilevile, lakini sindano inapiga 5,000, inashuka 3,000, inarudi, kama mkono wa mtu anayetetemeka. Nikavuka mstari, nikakanyaga klachi, nikazima, nikaserereka hadi kwenye majani. 21.4.

Alinieleza wakati akitembea kuja na spana ya plagi. Mita ile inasoma umeme wa koili. Injini ikikosa petroli, inachoka yenyewe na sindano inashuka nayo taratibu. Sindano ikiruka huku gari linakwenda sawa, umeme ndio unaokatika. "Haijatosha," akaongeza, "lakini tumeshajua tugonge mlango gani."

Plagi zote nne zilitoka nyeusi, masizi makavu, zikifanana kama mapacha. Hapo alinifundisha jambo ambalo nimelirudia kwa kila mtu wiki hii. Ingekuwa plagi moja ni nyeusi na tatu zina rangi ya kahawia, angetafuta kilicho cha silinda ile peke yake: waya wake, plagi yake, vali yake. Zikiugua zote sawa, tafuta kile wanachochangia. Mafuta wanachangia kabureta na pampu. Umeme wanachangia koili, rota, pointi, kondensa.

Mimi tayari nilikuwa nimeshahukumu umeme. Yeye hakukubali kuiruka petroli. Alisubiri ekzosi ipoe kidogo, akachomoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, akamweka kaka na mtungi wa kuzimia moto, akachomoa bomba la mafuta kwenye kabureta na kuliingiza kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Stata ikazungushwa. Petroli ilikuja kwa mapigo mazito, yanayolingana, bila povu. Alifunga bomba, akafuta kila tone kwa kitambaa, akakipeleka kitambaa mbali na gari, akaandika kwenye daftari. Pampu yangu ya 6,500 ilikuwa nzima. Naamini hata ile ya zamani ilikuwa nzima.

Ndipo akarudia kipimo cha asubuhi, injini ikiwa bado moto. Waya uleule, koleo lileile, umbali uleule kwa kukadiria. Cheche ilikuwa njano. Nyembamba kama uzi, na mara nyingine haikuruka kabisa. Ilikuwa kama saa nane mchana, jua kali, tulilazimika kuweka kivuli cha boneti na mwili wa kaka ili tuione. Nilisimama pale nikiitazama ile njano na kukumbuka bluu ya asubuhi, nikaelewa kwa nini alitaka niione bluu kwanza.

Akafungua kifuniko cha distribyuta. Ndani ya gari kama hili kuna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunga na kufunguka kila cheche inapohitajika, na ubavuni mwake kondensa, kijikopo kidogo kama kidole cha mtoto chenye waya mmoja. Pointi zikifunguka, umeme unataka kuruka ule upenyo. Kondensa inaumeza ule msukumo, kwa hiyo koili inaachia nguvu yake yote kwa mkupuo kwenda kwenye plagi. Kondensa ikishindwa, umeme unaunguza pointi badala ya kwenda kazini.

"Pitisha ukucha," akaniambia. Nikapitisha. Kipande kimoja kilikuwa na kilima kama punje ya sukari. Mwenzake alikuwa na shimo la kuikaribisha punje hiyo. Kando yake chuma kilikuwa cheusi na cha bluu. Kondensa ilikuwa mpya. Niliinunua mwenyewe miezi mitatu kabla, ndani ya boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani, dukani ambako waliniapia ni halisi. Kwa hiyo kila fundi aliyefungua kifuniko kile aliona kopo linalong'aa na kuliruka.

Mzee alitoa kondensa nyingine kwenye mkebe wa kahawa, imeshika kutu, imetoka kwenye Datsun iliyovunjwa zamani. Hakuifunga hata mahali pake. Aliichomoa waya ile mbovu isiguse chochote, akafunga ile ya zamani nje, waya wake kwenye upande hasi wa koili na kopo lake kwenye chuma cha bodi, kwa boliti moja. Pointi hakuzigusa. Nilimwuliza mbona asizisafishe hapohapo, zimeshafunguliwa. "Nikifanya mawili, nitajuaje ni lipi lililosaidia?"

Stata. Cheche ikaruka bluu. Injini moto, pointi zilezile zilizoungua, na bluu. Nilimshika kaka mkono.

Mbio ya nne tulisubiri foleni dakika 30 bila kuzima, boneti imefungwa, jua lilelile. 19.2, bila fataki. Juu kabisa, karibu na 5,500, nilihisi kama lina mchanga kooni, kidogo sana. Nikamwambia. Hapo sasa ndipo aligeukia pointi: akazipiga msasa mwembamba hadi kilima kikaisha, akaweka nafasi ya nusu milimita kwa vile vibati vya kupimia ambavyo mafundi huviita fila, na kwa kuwa ukibadilisha nafasi ya pointi umebadilisha na taimingi (wakati cheche inaporuka), akairudisha taimingi kwa balbu ndogo ya ishara yenye waya mbili, akizungusha injini kwa mkono hadi balbu inawaka pale pale alama ilipo. Dakika ishirini, amepiga magoti kwenye vumbi. Mbio ya tano: 18.9. Gari la baba halijawahi kunipa namba hiyo. Gea ya tatu ilivuta hadi mwisho kwa sauti moja, na nililia kidogo ndani ya helmeti, sioni haya kusema.

Sasa kasoro, maana zipo. Tulikubaliana saa mbili asubuhi, akafika saa tatu na nusu kwa matatu, na simu hakupokea. Aliomba radhi mara moja na kuanza kazi, lakini mtu mwenye mbio chache angekuwa amepoteza moja. Hana taa ya kupimia taimingi injini ikizunguka, na kwa bei ya siku nzima nilitarajia awe nayo. Balbu inatosha kwa kuweka, haikuonyeshi taimingi inavyosogea kasi ikipanda. Haandiki risiti. Na hashughulikii magari mawili kwa wakati mmoja: kijana wa Corolla alimbembeleza mchana kutwa na kuambiwa asubiri zamu yake, ambayo haikufika. Mimi nilinufaika na msimamo huo, ila ukienda kundi, mjue anahudumia mmoja. Magari ya kompyuta anakataa waziwazi, na namheshimu kwa hilo.

Kasoro nyingine watu wataiona, mimi siioni. Masizi yale kwenye plagi hayakutoka kwa kondensa peke yake. Mzee alisema kabureta zangu zinamwaga petroli kuliko hewa ya hapa inavyohitaji, kwa sababu sindano zinazopima petroli ndani yake zilichaguliwa kwa maeneo yaliyo karibu na usawa wa bahari. Nilimwomba azipunguze papo hapo, tulikuwa na muda wa mbio moja zaidi. Alikataa. Alisema hilo ni la siku nyingine, gari likiwa limetulia, na tukianza kutoka kwenye 18.9 inayojulikana. Nilikasirika kwa dakika tano. Halafu nikakumbuka ni neno ambalo huwa nawaambia wauguzi wanaotaka vipimo vitatu virudiwe kwa sampuli moja.

Jumapili niliichukua ile kondensa ya boksi zuri nikaipima nyumbani kwa mita ya umeme yenye uwezo wa kusoma kondensa. Gari hili linataka kama mikrofaradi 0.22. Ikiwa baridi ilisoma 0.21, nzuri kabisa, ingepita ukaguzi wowote. Nikaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Baada ya dakika kama mbili namba zikaanza kuruka, zikapotea, zikarudi, zikapotea. Nikaiacha ipoe mezani: 0.21 tena. Nilirudia mara tatu na ilifanya vilevile mara tatu. Miezi mitatu na shilingi 24,500, na ugonjwa ulikuwa ndani ya kijikopo cha shilingi mia chache ambacho kilidanganya kila kilipokuwa baridi.

Kama gari lako ni la kabureta na linaugua likipata joto tu, mchukue huyu mzee, na mchukue aje mahali linapougulia. Mpelekee gari kibandani tu kama una hakika litaugua pale. Mpe chai mapema na usimsemeshe akiwa anaandika. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ile saa moja na nusu ya asubuhi.

Kondensa yake ya kutu bado imefungwa nje kwenye Datsun yangu, haijawahi kukohoa tangu Jumamosi. Aliniazima, hakuniuzia, kwa sababu anayo hiyo moja tu aliyoithibitisha. Jana jioni alipiga simu kuulizia gari linaendeleaje, na kabla hajakata akaniambia, "Mwanangu, kile kikopo changu usikisahau." Nimeagiza mbili, nitazipima zote zikiwa moto, na Jumamosi nitampelekea chake.